Gereza, Kanisa na Msikiti: Siku Moja Miongoni mwa Kuta za Unguja

Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyosafiri mbali kimaana kama neno gereza. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubaliana kwamba limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Mwanafunzi wa isimu anapoelezwa jambo hili kwa mara ya kwanza hucheka, kisha huuliza: imekuwaje nyumba ya ibada ikawa nyumba ya wafungwa? Jibu analopewa kwa kawaida ni fupi mno, kwamba Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao. Makala haya yanakusudia kulipima jibu hilo, si kwa kamusi peke yake, bali kwa kuta zenyewe, jinsi zinavyoweza kuonwa na mtu aliyetoka Bukavu akiwa na siku moja tu ya kuizuru Unguja. Siku moja yatosha iwapo mgeni ataamka alfajiri na iwapo atakubali kuviacha vingi bila kuvitazama.

Kwa upande wa sauti hapana tatizo kubwa. Irabu ya mwanzo imedondoka. Mfuatano wa g na r, ambao Kiswahili hakiupendi, umetenganishwa kwa irabu e. Na ile konsonanti ya Kireno ambayo Mswahili hakuwa nayo imechukuliwa na z iliyo jirani yake. Neno likaingizwa katika ngeli moja na kanisa lenyewe: gereza, magereza, kanisa, makanisa. Halikuja peke yake. Lilikuja katika jahazi moja na meza, bendera, kasha, mvinyo na padri. Lakini angalia: meza ilibaki meza, bendera ilibaki bendera, na padri hajapata kuwa mtu mwingine ila padri. Ni igreja pekee iliyofukuzwa nyumbani kwake. Nafasi yake ilishikwa na kanisa, neno la Kiarabu. Hivyo basi Mkristo wa Bukavu anayekwenda kusali Jumapili huitaja nyumba ya Mungu kwa neno alilopewa na Waislamu, na jela huiita kwa neno lililoachwa na Wakristo.

Tuanze na Ngome Kongwe, kwa kuwa iko Forodhani, mbele ya bahari, na mgeni hawezi kuikosa. Ni jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye kuta ndefu za rangi ya hudhurungi zenye meno juu yake, na minara minene pembeni. Halina urembo. Limejengwa na watu waliokuwa na haraka na hofu. Wareno walitolewa Mombasa mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, na mara baada ya hapo Waomani walijenga ngome hii ili adui asirudi. Mwaka 1754 ilihimili shambulio la akina Mazrui kutoka Mombasa, ambao walikuwa Waomani vilevile; kwa hiyo adui aliyefika hakuwa yule aliyetazamiwa.

Jambo linalotuhusu zaidi ni mahali penyewe. Kabla ya ngome, kiwanja hiki kilikuwa na kanisa la Wareno lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 au mwanzoni mwa karne ya 17, na sehemu ya kuta zake ziliingizwa katika ngome mpya. Hapa ndipo jibu fupi la darasani linapoanza kuyumba. Huko Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliani Giovanni Battista Cairati, kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Unguja mambo yalikuwa kinyume: kanisa lilitangulia, ngome ikafuata juu ya mabaki yake, na waliojenga ngome hawakuwa Wareno hata kidogo. Mtu wa Unguja wa mwaka 1690 aliyepazoea mahali pale kwa jina la igreja, kwa matamshi yake mwenyewe, hakuwa na sababu ya kubadili jina la mahali kwa vile tu wenye bunduki wamebadilika. Miji yote ina desturi hii. Sisi tunaokaa Bukavu tunajua kwamba mtaa waweza kuitwa kwa jina la duka lililofungwa kabla ya baba zetu kuzaliwa.

Kwa maoni yangu, basi, kuna njia mbili na si moja. Ya kwanza ni ya Mombasa: aliye nje ya ukuta husikia kwamba ndani mna igreja, naye huupa ukuta wote jina hilo, maana hakioni kilichomo. Ya pili ni ya Unguja: jina la jengo hubaki kuwa jina la kiwanja, na kiwanja hulipa jengo jipya jina la zamani. Vitabu hutaja ya kwanza na kuisahau ya pili. Nadhani zilisaidiana. Wala ya kwanza haikosi kasoro, kwani Mombasa yenyewe ilikuwa pia na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini, nje ya ngome. Si kila igreja ilikuwa ndani ya boma.

Lakini yapo mambo yanayoipa nguvu njia ya Mombasa, na mojawapo linatoka mbali. Wareno walilipeleka neno hilohilo katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi. Katika Kihindi na Kibengali limekuwa girja. Katika Kimalei na lugha ya Indonesia ni gereja, karibu sawa kabisa na letu. Huko kote maana yake hadi leo ni kanisa. Ni pwani yetu tu iliyolifanya kifungo. Tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa sauti wala kwa sarufi. Lazima ielezwe kwa historia. Kule Asia palitokea jamii za Wakristo wenyeji waliolihitaji neno kwa ajili ya maisha yao. Pwani ya Afrika ya Mashariki Ukristo wa Kireno haukushika mizizi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni mwezi wa Agosti, akamwua kapteni wa Wareno na kurudi katika Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika pamoja, waliuawa. Waliobaki wakilitamka neno hawakuwa tena watu wa kuingia ndani yake kusali. Walilitazama kwa nje, na kwa nje igreja ni ukuta.

Tarehe ya badiliko hili nayo yaweza kukadiriwa. Kule Kilwa Kisiwani, ngome inayomkabili mgeni anaposhuka mashuani huitwa Gereza, na jengo tulionalo leo ni kazi ya Waomani ya mnamo mwaka 1800. Ni kweli kwamba mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na Wareno wakajenga ngome kisiwani humo, wakaiacha mwaka 1512. Lakini miaka saba si muda wa kutosha kuzaa jina la kudumu karne tatu. Yaelekea basi kwamba mwishoni mwa karne ya 18 neno lilikuwa limekwisha kuwa la jumla, likimaanisha ngome ya mawe, yoyote na ya yeyote. Hatua ya kutoka ngome hadi jela ilikuwa fupi. Ngome isiyo na vita huwekwa watu wasiotakiwa. Ngome Kongwe ya Unguja ilikuwa kifungo katika karne ya 19, na Ngome ya Yesu ilitumiwa na Waingereza kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Kwa zaidi ya miaka sitini mtu wa Mombasa aliyesema gereza alikuwa akisema kanisa, ngome na jela kwa pumzi moja, huku akionyesha jengo lilelile kwa kidole.

(Kuna gereza moja lisilofuata kanuni. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji, serikali ilijenga jela mwaka 1893, lakini haikutumiwa kwa kazi hiyo. Ikawa mahali pa kuwatenga wagonjwa waliotoka melini. Watu wanaendelea kukiita Kisiwa cha Gereza. Jina halikungoja mfungwa wa kwanza.)

Misikiti haina historia ya misukosuko ya namna hii, walau kwa upande wa majina: msikiti umekuwa msikiti tangu hapo. Lakini ndiyo majengo ya kale zaidi, na mwenye siku moja hana budi kwenda Kizimkazi kwanza, asubuhi, kwa daladala, kusini kabisa ya kisiwa, kisha arudi mjini kabla ya jua kuwa kali. Kwa nje msikiti wa Dimbani ni kibanda cha mawe chenye paa la bati, na mgeni aliyezoea picha za misikiti mikubwa huweza kuupita bila kugeuka. Ndani yake, katika ukuta wa kibla, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Hayo ni miaka karibu mia nne kabla Vasco da Gama hajaizunguka Rasi. Herufi zimeota majani na maua kwenye ncha zake, kwa mtindo uliokuwa ukitumiwa Siraf katika Ghuba ya Uajemi. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18. Ukuta wa kibla ndio uliobaki. Tusidhani kwamba maandishi haya ni ushahidi wa Kiswahili, kwani ni Kiarabu. Yanachothibitisha ni kwamba palikuwa na mji, mafundi, na watu wa kuwalipa mafundi hao. Lugha waliyosema kati yao walipotoka msikitini haikuandikwa ukutani.

Mjini, msikiti wa Malindi una mnara wa umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, uliorembwa kwa mistari ya pembepembe. Minara ya namna hiyo ni michache mno katika pwani nzima. Mgeni atauona na kuendelea na safari yake. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890, lina minara miwili inayoonekana toka baharini, lakini ukiitafuta kwa miguu vichochoro hukupotosha. Hayo tuyapite, kwa sababu saa zilizobaki zote zinastahili kupewa Mkunazini.

Kanisa la Kristo, la Waanglikana, limejengwa Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, na inasimuliwa kwamba watu wa mjini waliamini paa lake la saruji na matumbawe, lililojengwa kwa mviringo bila nguzo za katikati, lingeanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Kwa mujibu wa mapokeo, altare yenyewe iko mahali pa mti waliofungwa watumwa na kuchapwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili Steere si jina geni. Kitabu chake cha sarufi ya lugha kama inavyosemwa Unguja kilitoka mwaka 1870, na mwaka huohuo alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Misheni yake ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na miongoni mwa waliopanga herufi walikuwamo vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Jambo hili lataka kufikiriwa. Kiunguja kilichochaguliwa mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilikuwa kimekwisha kutiwa katika vitabu, na baadhi ya herufi zake za kwanza zilipangwa kwa mikono ya watoto ambao lugha za mama zao zilikuwa za bara. Tunapowasahihisha wanafunzi wetu wa Bukavu kwa kusema kwamba hivi sivyo wasemavyo wenye lugha, yafaa tukumbuke ni nani waliokuwamo katika chumba kile cha chapa.

Karibu na kanisa mgeni huteremshwa katika vyumba vya chini, vyenye dari ya kugusa kichwa, akaambiwa kwamba ndimo watumwa walimokuwa wakifungiwa kabla ya kuuzwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo wanahistoria kadhaa wanayatilia shaka maelezo hayo. Mimi nashirikiana nao katika shaka yao, lakini sioni kwamba inampa mtu yeyote ruhusa ya kupumua kwa raha. Soko lilikuwapo, juu ya ardhi, mchana, mbele ya watu wote. Halikuhitaji shimo. Sanamu iliyowekwa uani mwaka 1998, kazi ya Clara Sörnäs, inayoonyesha watu watano waliofungwa mnyororo shingoni wakiwa wamesimama katika shimo, haidai kuwa ni mabaki ya kale. Kwa hiyo ni ya kweli zaidi kuliko vyumba vile.

Ndani ya kanisa upo msalaba mdogo wa mbao. Umechongwa kutoka katika mti uliokuwa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Kila mgeni huonyeshwa msalaba huo. Kinachotajwa mara chache ni mji wa Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika Maniema yetu, siku ya soko. Watu wa misafara wakawafyatulia bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua. Wengi walikufa kwa risasi, na wengi zaidi walizama walipojitosa mtoni. Idadi ya waliokufa ilihesabiwa kwa mamia. Habari aliyoiandika Livingstone ilifika Uingereza mwaka uliofuata, ikaamsha ghadhabu, na Sir Bartle Frere akatumwa Unguja mwanzoni mwa 1873. Mkataba wa Juni ndio uliotokana na safari hiyo. Kwa maneno mengine, miongoni mwa sababu zilizolifunga soko la Mkunazini ni damu ya soko jingine, la Kongo, ambalo jina lake halisikiki mahali pale.

Hapa ndipo suala linapotoka katika historia ya majengo na kuingia katika mafunzo yetu wenyewe. Muhtasari wa masomo na vitabu vingi husema kwamba Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki kwa njia ya biashara. Sentensi hiyo si uongo. Lakini neno biashara linafanya pale kazi ileile ambayo chokaa hufanya juu ya jiwe. Misafara iliyofika Nyangwe na Kasongo ilileta vitambaa, shanga, bunduki na lugha. Ikachukua pembe za ndovu na watu, na watu ndio waliozibeba pembe. Mwanafunzi anayetoka Kindu au Kasongo ana haki ya kuelezwa kwamba lugha anayoisomea shahada ilifika kwao kwa mlango huo, na kwamba wapo waliopelekwa pwani kwa mlango huohuo wakawa Wamanyema wa Ujiji na kwingineko. Hilo halimfanyi Kiswahili kuwa adui. Waliokamatwa walikichukua wakakifanya chao. Ndiyo maana kipo hadi leo. Ila nadhani tumekuwa wapesi mno kutumia neno lisilomsumbua mtu.

Katika mtaa wa Shangani ipo nyumba ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, yenye mlango wa kuchongwa. Ni katika mji huu, Februari 1887, alipokubaliana na Stanley kuwa liwali wa maporomoko ya Kongo, mahali ambapo leo ni Kisangani. Aliporejea pwani mwanzoni mwa miaka ya 1890 hakurudi tena bara. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa. Akafariki mwaka 1905. Kitabu chake ni mojawapo ya nathari za kwanza ndefu za Kiswahili zinazosimulia nchi yetu, nacho kimeandikwa na mtu aliyeziteketeza baadhi ya sehemu zake. Nakisomesha kila mwaka. Wanafunzi hukiona kirahisi kwa lugha na kigumu kwa mambo mengine.

Na maneno ya ngome? Katika misafara hiyo si gereza lililosafiri, wala ngome, wala husuni ya Kiarabu. Neno lililopanda bara ni boma: ua wa miti iliyochomekwa ardhini, miiba na udongo, uliojengwa kwa siku chache na kuachwa kwa usiku mmoja. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na mabwana wa Kasongo vilikuwa vita vya maboma. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Gereza lilitufikia baadaye, kwa vitabu, na hata sasa katika mazungumzo ya Bukavu hushindana na kasho, lililotokana na Kifaransa, na buloko. Kwa masikio ya kwetu gereza lina harufu ya karatasi za serikali. Haliwezi kumkumbusha mtu kanisa.

Hata hivyo kisa cha igreja kilijirudia upande wetu, bila neno lake. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo chenye kuta nene huko Mpala, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, na fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadri Weupe, nao wakaanza kusali ndani ya kuta zilezile. Mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, aliyepata kuwa askari wa Papa, kuwalinda kwa bunduki. Wakimbizi wa vita na watumwa waliokombolewa walikaa ndani ya boma na kufundishwa dini humo, kwa Kiswahili. Mpala ilikuwa ngome iliyogeuka kanisa, kama vile Unguja kanisa lilivyogeuka ngome, na wenyeji wa ufuoni waliotaka kwenda kusali ilibidi kwanza wapite mbele ya mlinzi mwenye bunduki.